Kihisi cha hidrojeni kikigoma: kutoka dalili hadi chanzo

Kilikuwa kimefungwa mahali panapofaa, juu kabisa kwenye dari la chumba cha betri, ambazo zikichajiwa hutoa hidrojeni, na kioo chake kilionyesha 0.00. Kwa miezi minne fomu ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani ilijazwa 0.00, sahihi chini ya sahihi. Nilipopanda ngazi kukipa gesi ya majaribio nikakuta mafundi rangi wamenitangulia. Wavu mdogo wa mbele, ule unaopitisha hewa, ulipakwa rangi nyeupe pamoja na dari, vizuri kabisa, bila hata mchirizi. Nikaukwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la yai.

Naanza na kisa hicho kwa sababu watu wakinipigia simu kuhusu vihisi vya aina hii, huanza moja kwa moja na mambo ya nano: waya wa metali ulio ndani yake una nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) ngapi, aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ni ipi, programu gani inasoma. Mara nyingi jibu liko kwenye ngazi na tochi. Lakini si mara zote. Pale tatizo linapokuwa ndani ya metali yenyewe, hakuna kukwangua kutakakosaidia kama hujui metali hiyo inafanya kazi gani.

Kabla hujagusa chochote

King'ora kikilia, hesabu kwamba gesi imevuja mpaka kifaa cha pili kiseme vinginevyo. Hidrojeni haina rangi wala harufu, mwali wake mchana karibu hauonekani, na huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Cheche inayoiwasha ni ndogo mno, kiasi cha milijuli 0.02, ile inayochomoka ukivua sweta ya nailoni inatosha na kubaki. Fungua mlango, usiwashe wala usizime swichi iliyo ndani ya chumba, zima chaja kutokea nje, kisha ingia na kifaa cha mkononi ukiwa umekiinua juu ya kichwa.

Juu ya kichwa, maana hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi. Fundi aliyezoea gesi ya kupikia huteleza hapa. Gesi ya mtungi wa jikoni huzama, ndiyo maana vihisi vyake hufungwa karibu na sakafu. Nimewahi kukuta kihisi cha hidrojeni usawa wa goti, kimefungwa kwa skrubu nne na plagi za plastiki, kazi safi. Hakikuwa na ugonjwa wowote. Kilikuwa tu mahali ambako hidrojeni ingefika mwisho, ikiwa imeshajaa kwingine kote. Angalia pia kama dari lina mihimili: gesi hujikusanya kwenye uvungu kati ya mhimili na mhimili, na kihisi kilicho upande wa pili hakipati kitu.

Kinapima nini hasa

Mafundi wengi tunakiita sensa, ingawa kwa raia sensa ni ile ya kuhesabu watu. Ndani yake kuna paladiamu. Mwaka 1866 Thomas Graham, mkemia wa Uskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza kwamba metali hii humeza hidrojeni yenye ujazo mamia ya mara kuliko ujazo wake yenyewe. Molekuli ya hidrojeni ikitua juu ya paladiamu hupasuka kuwa atomi mbili, atomi zikazama katikati ya atomi za metali. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: elektroni hukutana na vikwazo njiani, ukinzani ukapanda, na metali yenyewe huvimba.

Kipande kinene kinafanya hivyo pia, ila kwa uvivu. Ukiifanya paladiamu kuwa utando wa nanomita chache, au waya mwembamba kuliko unywele mara elfu na zaidi, atomi hazina safari ndefu ya kufika katikati. Faida ya nano ndiyo hiyo. Hasara yake ni kwamba karibu metali yote imekuwa uso, na chochote kinachotua juu ya uso kinakuwa shauri kubwa.

Kwa hiyo shika hili kabla ya kufungua bisibisi: kihisi hakipimi hidrojeni iliyo chumbani. Kinapima ile iliyokwisha kuingia kwenye metali. Katikati kuna mlango, na karibu kila dalili nitakayoitaja ni mlango uliozibwa, uliolegea, au umeme wako unaosoma mlango badala ya mgeni.

Jambo jingine la kujua mapema ni jamii ya kihisi chako. Kuna chenye utando au waya uliounganika, ambacho ukinzani hupanda gesi ikija. Na kuna cha nyufa: metali imekatikakatika kuwa punje zilizotengana kwa nafasi ndogo mno, hidrojeni ikiingia punje huvimba, hugusana, na ukinzani hushuka. Kundi la Reginald Penner katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, ndilo lililoonyesha jambo hili la pili mwaka 2001 kwa nyaya za paladiamu zilizooteshwa kwa umeme, na mwitikio wake ulikuwa wa sehemu ndogo ya sekunde. Ukichanganya jamii hizi mbili, utatibu mgonjwa mzima.

Dalili: namba haitoki kwenye sifuri hata ukikipa gesi

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana haina kelele. King'ora kinacholia ovyo hukera watu mpaka mtu anaitwa. Kinachonyamaza hupata sahihi.

Anza na gesi yenyewe. Tumia mtungi wa majaribio wenye cheti, hidrojeni asilimia 1 au 2, ambayo iko chini ya kiwango cha kuwaka. Usijitengenezee kwa kuchanganua maji kwenye chupa. Utapata mchanganyiko wa hidrojeni na oksijeni, yaani baruti. Angalia tarehe ya mwisho wa mtungi na shinikizo kwenye regyuleta. Halafu angalia mpira: mpira wa silikoni hupitisha hidrojeni kupitia ukuta wake, na ukiwa mrefu na gesi inatiririka polepole, kinachofika mwisho si kile kilichoandikwa kwenye mtungi. Tumia mrija wa chuma cha pua au wa teflon, mfupi.

Gesi ikiwa nzima, toa kofia na wavu. Vumbi, rangi, utando wa buibui, mafuta. Kipe gesi bila wavu. Kikijibu, umemaliza, badilisha wavu.

Kisipojibu, pima ukinzani wake katika hewa safi na ulinganishe na ule ulioandikwa siku kilipofungwa. (Kama hakuna aliyeuandika, uandike leo, kwa kalamu isiyofutika, ubavuni mwa kasha.) Hapa naomba uangalifu: usichomeke multimita ya kawaida moja kwa moja kwenye waya wa nano. Ikiwa kwenye ohmu huweza kusukuma mkondo unaokaribia miliampea moja, na kwa waya wa makumi ya nanomita hiyo ni radi. Umeme tuli wa kidole chako nao vivyo hivyo. Vaa kamba ya mkononi iliyounganishwa na ardhi, na pima kwa saketi ya kihisi yenyewe.

Ukinzani ukiwa ule ule wa zamani lakini hidrojeni haiutikisi, metali ni nzima na mlango umezibwa. Hapo tafuta sumu. Ziko mbili zinazotusumbua zaidi huku kwetu, na zote mbili hutoka jirani na chumba cha betri.

Ya kwanza ni kaboni monoksaidi ya jenereta. Molekuli zake hung'ang'ania paladiamu pale pale ambapo hidrojeni ingepasukia. Kihisi hakifi moja kwa moja. Kwanza hupunguza kasi, kisha kimo cha namba, kisha huacha. Toka nje uangalie bomba la moshi la jenereta limeelekea wapi. Kama limeelekea kwenye tundu la hewa la chumba, umempata mwizi. Uzuri wake ni kwamba sumu hii hutoka: hewa safi na joto la wastani, kama kihisi kina hita yake, hukirudisha. Vihisi vingine hufunikwa kwa plastiki maalum kuizuia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, walionyesha mwaka 2019 chembe za aloi ya paladiamu na dhahabu zilizovishwa polima za namna hiyo. Zilisoma kwa mwanga badala ya ukinzani, zikajibu chini ya sekunde moja, na tabaka la akriliki likazikinga na kaboni monoksaidi. Ukinunua kihisi, uliza kimevishwa nini.

Ya pili ni salfa. Betri ya asidi iliyochajiwa kupita kiasi mpaka ikachemka hutoa hidrojeni salfaidi pamoja na hidrojeni. Fikiria ukatili wake: hali ile ile inayomwaga gesi unayoitafuta ndiyo inayokipofusha kitu cha kuitafuta. Wanaofanya kazi karibu na visima vya jotoardhi kama vya Olkaria wanaijua harufu hii ya yai bovu bila kufundishwa. Ukiisikia chumbani, toka. Ni sumu kwako kabla ya kuwa sumu kwa kihisi, na ikizidi pua huacha kuinusa kabisa. Salfa hushikana na paladiamu kwa nguvu. Kukipasha moto kihisi huweza kurudisha sehemu ya uwezo, ila mimi siamini tena kifaa kilichopita hapo katika kazi ya kulinda watu. Nakibadilisha, cha zamani napeleka mezani kufundishia vijana.

Mvuke wa silikoni ya kuzibia madirisha na matundu ya nyaya una sifa mbaya zaidi kwa vihisi vya gesi vinavyofanya kazi vikiwa vya moto. Hata kwa hivi vya kwetu, sizibi kitu kwa silikoni katika chumba chenye kihisi kilicho wazi. Nakifunika kwanza, nakifunua ikikauka.

Dalili: kinajibu, lakini kwa kuchelewa

Kilikuwa kinafika kwenye namba yake kwa sekunde chache, sasa kinachukua dakika. Kama hakina sumu, uliza mara ya mwisho kilionja hidrojeni lini. Paladiamu iliyokaa hewani miezi mingi hujifunika oksijeni, na hidrojeni ya kwanza inayofika haiingii ndani. Inatumika kuisafisha hiyo oksijeni na kuwa maji. Ndiyo maana jaribio la kwanza hutoka la kivivu, la pili zuri, la tatu zuri zaidi. Mafundi wengi hutupa la kwanza na kuandika la tatu. Mimi naandika la kwanza. Gesi ikivuja kweli haitakuja mara tatu ili kihisi kipate mazoezi.

Kama la kwanza ni la uvivu kupita kiwango cha mtengenezaji, fupisha muda kati ya majaribio: badala ya miezi sita, fanya miwili.

Unyevu nao. Pwani, ukiingiza kihisi kwenye chumba chenye kiyoyozi na mlango unaofunguliwa kila saa, hewa ya nje yenye mvuke hukutana na kitu cha baridi na umande ukatua juu ya metali. Tabaka hilo la maji huchelewesha gesi kufika. Dalili yake ni kwamba kihisi ni kizito asubuhi na chepesi mchana. Kukipasha joto nyuzi chache juu ya hewa inayokizunguka humaliza tatizo, na vingi vina hita ya kazi hiyo, hakikisha haijakatika.

Dalili: mtungi unasema 1, kioo kinasema namba nyingine

Kwanza soma mtungi tena. Ni asilimia 1 ndani ya naitrojeni, au ndani ya hewa? Si jambo dogo. Penye hewa, sehemu ya hidrojeni iliyotua juu ya paladiamu hukutana na oksijeni na kugeuka maji kabla haijazama. Kihisi kilichosawazishwa, yaani kilichopangiwa namba zake, kwa gesi iliyo ndani ya naitrojeni kitasoma chini kikiwa chumbani, yaani kitakuambia hatari ni ndogo kuliko ilivyo. Sawazisha kwa mchanganyiko wa hewa, kwa kuwa chumba chako kimejaa hewa.

Pili, angalia hesabu iliyo ndani ya programu. Hili nimelikuta zaidi kwenye vifaa vya kujitengenezea, vya wanafunzi na vya mafundi wenye bodi ndogo za elektroniki, ambavyo kwa kweli vingi ni vizuri. Mwandishi wa programu amechora mstari ulionyooka. Lakini kwa viwango vya chini, atomi zinazoingia ndani ya paladiamu hazifuati kiasi cha gesi. Zinafuata kipeuo cha pili cha shinikizo lake. Gesi ikiongezeka mara nne, ishara huongezeka mara mbili tu. Weka namba uone: umesawazisha kwa asilimia 0.25, ukachora mstari kutoka sifuri kupitia hapo. Siku chumba kikifika asilimia 1, kioo chako kitaandika 0.5. King'ora kilichowekwa kwenye 1 hakitasema neno. Dawa ni kusawazisha kwa nukta tatu angalau, na kuifundisha programu mkunjo badala ya mstari.

Tatu, na hili ni la paladiamu tupu isiyo na aloi: kwenye joto la kawaida, hidrojeni ikifika kati ya asilimia 1 na 2 hivi ya hewa, metali hubadili hali. Kabla ya hapo atomi chache zimetawanyika ndani yake. Baada ya hapo hujazana ghafla na metali huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Namba huruka. Ikirudi, hairudi kwa njia ile ile: gesi ikishuka hadi asilimia 1, kihisi bado kimeshiba na kinasoma juu. Watu huita hiyo hitilafu. Si hitilafu, ndiyo paladiamu. Ukitaka kipimo na si king'ora tu, nunua cha aloi: ya nikeli, ya fedha, au ya dhahabu, ambayo ikikaribia robo ya atomi zote mruko huo hupotea.

Dalili: ishara imegeuka, au inarukaruka

Kihisi cha utando ambacho zamani kilipanda, sasa kinashuka gesi ikija. Hicho kimepasuka. Kimeshiba na kuvimba, kikakauka na kusinyaa, mara nyingi, mpaka utando ukawa na nyufa. Sasa hidrojeni inaziba nyufa badala ya kuzuia elektroni. Bila kukusudia umepata kihisi cha jamii ya pili, ila kisicho na kipimo wala dhamana. Ukinzani wake katika hewa safi utaukuta umepanda na haurudi. Ukiwa na darubini, hata ile ya kukagulia saketi za simu, utaona malengelenge na kingo zilizojikunja kama rangi kwenye ukuta wenye chumvi. Hutokea zaidi pale paladiamu ilipowekwa juu ya kioo bila tabaka jembamba la titani au kromiamu la kuishikisha, na pale watu wanapojaribu kwa gesi kali kila wiki wakidhani ndiyo ukali wa ukaguzi. Gesi ya asilimia 1 inatosha.

Kurukaruka bila mpangilio mara nyingi si metali. Ni mahali waya unapokutana nayo. Hewa ya bahari hula viungo. Lehemu upya, tumia nyaya nne ili ukinzani wa waya usiingie kwenye hesabu, na tenganisha waya wa ishara na ule wa feni.

Kipimo kimoja kidogo ninachokipenda: punguza mkondo wa kupimia hadi nusu. Ukinzani ulipaswa kubaki pale pale. Ukishuka, ulikuwa unaipasha metali moto kwa kipimo chako mwenyewe, na sehemu ya ile “hidrojeni” uliyoisoma ilikuwa joto lako.

Dalili: namba inapanda, kisha inarudi yenyewe gesi ikiwa bado ipo

Hii huwachanganya hata wazoefu. Vihisi vingi hubeba pacha wawili: mmoja wazi, mwingine amefunikwa asiguswe na gesi, na saketi ya daraja husoma tofauti yao ili joto lisihesabiwe. Kifuniko cha pacha wa pili kikipata ufa, naye huanza kunywa, polepole. Mwanzoni tofauti inaonekana; dakika kadhaa baadaye pacha wamelingana na kioo kinarudi sifuri. Kipe gesi dakika 10 mfululizo uangalie. Kwa jaribio la sekunde 30 kitafaulu kila mwaka. Hakitengenezeki, badilisha.

Dalili: king'ora kinalia kila siku saa ile ile

Kwanza shuku joto. Ukinzani wa paladiamu hubadilika kiasi cha asilimia 0.38 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Utando mwembamba huwa chini ya hapo kidogo. Chini ya bati, kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, nyuzi 15 si ajabu. Hiyo ni asilimia kadhaa ya ukinzani, wakati hidrojeni ya asilimia 0.1 huenda isitikise hata nusu ya hapo. Chora namba na joto kwenye karatasi moja kwa siku mbili. Mistari ikipanda na kushuka pamoja, fidia ya joto imekufa.

Ila chora kweli, usikisie. Nilipigiwa simu kuhusu chumba cha betri ambacho king'ora kililia kila saa kumi alfajiri. Mzee wa ulinzi alinipokea getini, na baada ya shikamoo akaniambia, “Fundi, hicho kidude kinalia kila alfajiri. Tumeshakizoea.” Waliokuwa kabla yangu walikwisha kubadilisha kihisi mara mbili. Wa tatu alipendekeza kipandishwe kiwango cha kulia.

Mimi nami nilikwenda na jibu mfukoni: ubaridi wa alfajiri. Nikaweka kipimajoto kando ya kihisi na kuacha kompyuta ikiandika. Joto lilishuka taratibu usiku kucha. Namba haikujali. Ilikaa chini mpaka karibu saa tisa, halafu ikapanda kama mtu anayepanda ngazi, ikavuka 0.4, king'ora kikalia, ikafika 0.5. Kifaa cha mkononi, nikikiinua chini ya dari, kilisema 0.5 vilevile.

Benki ile, yaani kundi la betri zilizounganishwa, ilikuwa ya volti 48, seli 24 za kuongezwa maji. Betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia unachanganua maji: kila ampea moja kwa saa moja katika kila seli hutoa takriban lita 0.42 za hidrojeni. Chaja ilikuwa imepangwa kuingia chaji ya nguvu usiku, na mwishoni ilisukuma ampea 10. Zidisha: 10 mara 24 mara 0.42, ni kiasi cha lita 100 kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo 2.5, kina lita 22,500. Kikiwa kimefungwa, asilimia 0.5 hupatikana kwa saa moja na dakika chache.

Na kilikuwa kimefungwa. Feni ya kutoa hewa iliwekewa taima ya kuzima usiku, kuokoa umeme. Kwenye ukuta wa pili wa jengo, kuna king'ora kingine cha kaboni monoksaidi nacho kilikuwa kikipiga piga alfajiri hizo hizo na jenereta limezimwa. Vihisi vya kemia vya kaboni monoksaidi vingi huidaka hidrojeni pia, na hakuna aliyewahi kuyaunganisha hayo mawili.

Tukatoa taima, feni ikafungwa moja kwa moja kwenye umeme usiozimwa, na chaji ya nguvu ikahamishiwa mchana watu wakiwepo. Nikalala kwenye kiti pale ofisini kwao nione usiku mmoja zaidi. Saa kumi kamili mzee wa ulinzi akaja kugonga mlango, amekosa kelele yake. Kioo kilionyesha 0.04.